Kufuli Nililoliweka Kwenye Bisha

Tulimzika Desderi siku ya Jumanne, kwao Mlali, mvua ikiwa imetoka kukatika na udongo ukivuta viatu. Nilikaa chini ya turubai upande wa wanawake, mguu mmoja wa kiti cha plastiki ukididimia taratibu, nikamsikiliza mpwa wake akisoma wasifu wa marehemu kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Kijana wa watu alisoma vizuri, simlaumu. Alitaja kuzaliwa, ubatizo, shule, ndoa. Kisha akasema, "Marehemu alifanya kazi mjini katika kampuni ya kompyuta hadi ilipotokea hitilafu katika mashine alizokuwa akizisimamia, ndipo aliporejea nyumbani na kuendelea na kilimo pamoja na ufundi wa redio na simu." Nyuma yangu mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Si ndiye yule aliyezima mashine za masista?" Mwenzake akajibu, "Ndiye huyo. Mungu amsamehe, maana alikuwa mtu wa watu." Nilisikia joto likinipanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Mtu yumo ndani ya jeneza, hawezi hata kukohoa kupinga, na watu wanamwombea msamaha kwa kosa langu.

Baada ya maziko tulipakuliwa wali kwa maharage na kipande cha nyama. Nilimfuata mjane wake, Mama Tekla, chumbani alikokuwa amekalishwa mkekani, nikainama sikioni kwake. "Wifi, lile neno la hitilafu si kweli." Akanitazama kwa macho makavu. "Najua. Alinieleza kabla hatujafunga ndoa." "Sasa kwa nini limesomwa?" "Kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua ya kumwachisha kazi, na mtoto ameichukua kwenye barua. Yeye atajuaje? Kama una ukweli, Rehema, uandike. Mimi nimechoka kuujua peke yangu." Basi nauandika. Sitaandika kwa upole, kwa sababu sina upole juu ya jambo hili. Nimeutafuta miaka yote hii na sijauona.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwishoni mwa ile miaka ya tisini ambayo kila kitu Morogoro kilikuwa kinauzwa au kinafungwa. Ofisi yetu ilikuwa Kihonda, kwenye jengo lililokuwa ghala la mbegu la mamlaka ya mazao. Serikali ilikuwa imejitoa kwenye kununua mazao, mamlaka ilikuwa inakata roho, na kila mwisho wa mwezi orodha ya waliopunguzwa kazini ilibandikwa mlangoni. Nilikuwa nasoma orodha kwanza, ndipo nasalimia watu. Sisi wachache tuliobaki tuligeuzwa kuwa kampuni ya huduma za kompyuta, kwa kuwa wafadhili fulani kutoka Ulaya walikuwa wameleta shehena ya kompyuta kuukuu kwa ajili ya zahanati sita za misheni milimani, na mtu wa kuziandaa akahitajika. Chumba cha kazi kilikuwa na madirisha madogo juu kabisa karibu na dari, yenye nondo, na sakafu ilinuka dawa ya mbegu hata tulipoipiga deki kwa sabuni mara mbili kwa siku. Mchana Mama Zuhura alituletea chakula kwenye sufuria mbili, wali kwa maharage na mchicha, tukala juu ya meza ileile ya mashine, Desderi akiwa amefunika kibodi kwa gazeti ili punje zisiingie. Siku za Jumatatu alikuja na mapichi kutoka kwao, madogo, machungu kidogo, akayapanga juu ya kiwambo cha kompyuta mbovu kama duka.

Desderi alikuwa amenizidi miaka kumi na miwili. Elimu yake ya kompyuta aliipata kwa kusoma vitabu vya mamlaka ambavyo hakuna mwingine aliyevifungua. Mashine zilipofika zilikuwa tupu, hazina mfumo wowote, na leseni za mifumo ya kununua hatukuwa nazo. Mhadhiri mmoja aliyempenda alimletea kutoka Dar diski ya Linux, mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuufungua ndani na kuubadili. Hapo ndipo shida yetu ilipoanza na ndipo raha ya maisha yangu ilipoanza pia. Kila mashine ilikuwa na kadi tofauti, vile vibao vya ndani vya mawasiliano: hii kadi ya mtandao ya kiwanda fulani, ile modemu ya kuunganisha na simu, isiyo na hata jina. Kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha vyote, hakikujua kuongea na kila kadi. Kwa kila aina ya kadi kulikuwa na kipande chake cha programu, moduli, ambacho unakiingiza kwenye kiini mashine ikiwa inawaka. Ukiingiza moduli yenyewe, kadi inaamka. Ukiingiza isiyo yake, mara nyingine hakuna kitu, na mara nyingine mashine inaganda kama jiwe, unazima, unawasha, unaanza upya. Vifaa vya kuingiza, kutoa na kuorodhesha moduli vilikuja na mfumo, bure, pamoja na maandishi yake yote ya ndani. Lakini ilibidi mtu ajue amri ipi na moduli ipi. Muuguzi wa zahanati angejuaje?

Ndipo Desderi akaandika Bisha. Aliiita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kubisha hodi. Programu ilichukua moduli moja baada ya nyingine na kubisha kwenye kadi, na isipoitikiwa ilisonga mbele. Ujanja wake ulikuwa mdogo lakini nauheshimu mpaka leo: kabla ya kubisha, iliandika kwanza kwenye diski jina la moduli inayotaka kujaribu. Mashine ikiganda, ukiiwasha tena Bisha inakuta lile jina halijafutwa, inatambua kwamba hiyo ndiyo iliyoigandisha jana, inaiwekea alama na hairudii tena. Na yote iliyasema kwa Kiswahili. "Nabisha kwenye kadi ya mtandao. Subiri." "Imeitika." Siku ya kwanza ilipoandika "Imeitika" kwenye mashine iliyotushinda wiki nzima, Desderi hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Mdogo wangu, hebu soma na wewe, nisije nikawa naona ninachotaka." Nikasoma kwa sauti. Akaniomba nisome tena. Mimi ndiye niliyeandika sehemu ya ujumbe na kumbukumbu za majaribio, naye akaweka jina langu chini ya lake juu ya faili, na chini yake akaandika kwamba programu hii ni huria: yeyote anaweza kuitumia, kuisoma na kuibadili, mradi na yeye asiwafungie wengine. "Nusu ya humu si yangu," alinieleza. "Nimechukua kwa watu nisiowajua walioandika kwamba ukichukua, uwaachie na wengine. Kwa hiyo na mimi naandika hivyo hivyo."

Mkurugenzi wetu alikuwa Bwana Nestori, aliyekuwa mkuu wa usafirishaji wa mamlaka mpaka magari yalipouzwa. Bado yu hai. Nikikutana naye sokoni simpi shikamoo, na wanaonifahamu hushangaa, maana mimi ni mtu wa kumwamkia hata mlevi akiwa amenizidi umri. Yeye naye alilipenda sana neno huria. "Huu ni wakati wa soko huria," alisema kwenye kila kikao, akigonga meza kwa kalamu. Nilikuwa mdogo, nilidhani yeye na Desderi wanasema jambo moja. Chumba chake na chetu vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na alikuwa mtu wa sauti. Siku moja, tumbo limejaa wali wa Mama Zuhura na macho yanafumba, nilimsikia akimwambia mgeni, "Tumebuni programu yetu wenyewe hapa. Ni mali ya kampuni. Zahanati zikishaizoea tutazifunga kwa mkataba wa huduma, na tukimaliza hizi tunakwenda mikoa mingine." Mgeni akauliza, "Na huyo aliyeiandika?" Bwana Nestori akacheka. "Yule? Yule ni fundi tu."

Nilimgeukia Desderi. Naye alikuwa amesikia. Alikuwa anamenya pichi kwa kisu kidogo, na aliendelea kulimenya mpaka mwisho.

Wiki hiyohiyo tuliitwa. Bwana Nestori alitaka Bisha iwekewe kufuli: ikishapita mwaka mmoja tangu iwekwe kwenye mashine, isimame, mashine isiwake, mpaka kampuni itoe namba ya kuifungulia. Na majina yetu yatolewe juu ya faili, liwekwe la kampuni. Desderi alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi. "Mkurugenzi, hilo siwezi," alisema. "Huwezi au hutaki?" "Vyote viwili. Vipande vilivyomo vina masharti yake. Halafu mashine ni za zahanati, zinaanza kuwaka kwa kupitia Bisha. Ikisimama Bisha, imesimama mashine nzima." "Kijana, unajua orodha ya mwezi huu bado sijaisaini?" Desderi akajibu, "Ni juu yako, mkurugenzi." Akaomba ruhusa, akatoka. Mimi nilibaki. Hakuna aliyenizuia kutoka. Nimelifikiria hilo miaka mingi: mlango ulikuwa wazi, nami nilibaki nimesimama pale kwa sababu nilikuwa naiogopa ile karatasi ya mlangoni kuliko kitu chochote duniani. Bwana Nestori akanigeukia akiwa na sauti ya baba. "Rehema, wewe binti una akili. Hiyo kazi unaiweza?" Nikasema ndiyo.

Niliiweza. Hilo ndilo linaloniudhi kupita yote, kwamba niliifanya vizuri na nilijisikia fahari. Desderi alikwenda likizo ya wiki mbili kumsaidia mama yake kupanda kabichi, nami nikakaa kwenye kiti chake, nikaandika kufuli langu. Kwanza liliangalia kama mwaka umepita. Kisha nikajiona mjanja: nikawaza, je, mtu akirudisha saa ya mashine nyuma ili kudanganya? Basi nikaongeza, ikiwa tarehe ya mashine iko nyuma ya siku ilipowekwa programu, huyo ni mdanganyifu, funga hapohapo. Nikafuta majina mawili juu ya faili. La kwangu nilianza nalo, ili nisije nikajiambia baadaye kwamba nilimwonea mwenzangu peke yake. Ujinga mtupu. Dereva akanipeleka kwa pikapu ya kampuni hadi gari lilipoishia, na kutoka hapo nilipanda kwa miguu, kila zahanati, nikiwa na flopi, diski ndogo yenye programu mpya, kwenye mfuko wa plastiki kifuani. Zahanati ya mwisho ilikuwa juu kabisa kupita Mgeta, ambako muuguzi mkuu alikuwa Sista Auleria, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, mzaliwa wa hukohuko, aliyeongea Kiswahili kwa lafudhi ya mlimani, akivuta mwisho wa kila neno kama anaita mtu wa ng'ambo ya bonde. Alinipa chai na viazi vitamu vya kuchemsha. "Umechoka mwanangu, kula. Hii mpya itakuwa nzuri zaidi?" Nikamjibu nikiwa na kiazi mdomoni, "Nzuri zaidi, Sista."

Saa za mashine zile zilikuwa zimekufa. Kila kompyuta ina betri ndogo inayotunza tarehe umeme ukiwa umezimwa, na za kwetu, kwa ukuukuu wake, hazikuwa na uhai tena. Huko juu walitumia umeme wa jua, wanazima kila jioni. Ukiwasha asubuhi mashine inadhani imerudi miaka mingi nyuma, siku ilipotoka kiwandani. Desderi alilijua hilo na alikuwa amewafundisha wauguzi kuandika tarehe kwa mkono kila asubuhi mashine ikishawaka. Hata mimi nilikuwepo alipowafundisha. Ila Bisha ilikuwa inaanza kabla ya hapo. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata baada ya mimi kuondoka, kufuli langu liliitazama tarehe, likaona ni ya zamani, likasema huyu mdanganyifu, likafunga. Zahanati moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule nilioutembea.

Sista Auleria aliandika barua, akaituma kwa lori la mboga. Barua ilifika. Najua ilifika kwa sababu baadaye niliiona mezani kwa Bwana Nestori, imefunguliwa, imewekewa kikombe cha chai juu yake, ina duara la kahawia. Aliikalia. Alikuwa anasubiri wafadhili waje kusaini mkataba na hakutaka habari mbaya izagae. Wiki tatu baadaye Sista alishuka mwenyewe. Aliingia na mashine yake, imefungwa kwenye kanga, amebebewa na mkulima mmoja kutoka kule juu, akaitua katikati ya sakafu yetu. "Tumsifu Yesu Kristo," tulimwamkia. Hakuitikia, na mtawa asipoitikia hapo kuna jambo. "Nina wagonjwa wa kifua kikuu kwenye mikunjo yote ya mlima," alisema. "Tarehe zao za kurudi kuchukua dawa mliniambia niziweke humu. Mliniambia, Sista, achana na daftari. Nikaachana na daftari. Jana ameletwa mama wa watoto wanne amebebwa kwenye machela, anakohoa damu. Siku yake ya dawa ilipita, na mimi sikumfuata, kwa sababu sikujua ni siku yake. Nani ameifunga mashine yangu?" Bwana Nestori alitokea mlangoni kwake akiwa amefunga vifungo vya koti. "Sista, pole sana. Tutamchukulia hatua aliyeiandika programu."

Aliyeiandika programu. Angalia mtu anavyoweza kudanganya kwa maneno ya kweli. Jioni hiyo, jua likiwa bado kwenye nondo za dirisha, aliniita akaniwekea mbele karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba programu iitwayo Bisha iliandikwa na Desderi peke yake, kwamba mimi niliiweka tu kwenye mashine kama nilivyoelekezwa, na kwamba sikuwahi kugusa maandishi yake ya ndani. "Saini hapa. Mmoja ataondoka, Rehema. Mmoja tu. Sioni sababu mwondoke wawili." Nilisaini. Kalamu ilikuwa inavuja, ikaniachia wino kwenye kidole cha shahada, nami nikawa nakificha kidole hicho mfukoni hadi nilipofika nyumbani.

Kesho yake Desderi aliitwa mbele ya wafanyakazi wote. Alipewa karatasi zenye maandishi ya programu, yamechapwa, ili aonyeshwe kosa lake. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu alisimama. Aliinua macho akanitazama, muda mfupi tu, kama mtu anayeangalia saa, kisha akarudisha karatasi mezani akizilinganisha kingo. "Una la kusema?" aliuliza Bwana Nestori. "Sina." Akachukua kisu chake cha kumenyea na miwani, akampita Mama Zuhura mlangoni akamwambia, "Mama, leo usinipakulie." Akaenda zake.

Kwenye msiba, wakati mpwa anasoma, nilikuwa nahesabu. Kutoka siku ile niliposaini hadi siku nilipokwenda kumwona zilipita siku kumi na tisa. Kumi na tisa nilizokula wali, nikaoga, nikasuka nywele. Siku ya ishirini ilikuwa Jumapili. Nikapanda gari la Mlali, nikaulizia, nikamkuta shambani mteremkoni, anapalilia. "Shikamoo, kaka Desderi." "Marahaba." Hakuacha jembe. Nilisimama kwenye matuta ya kabichi nikamwambia yote kwa mfululizo, kufuli, majina, karatasi, wino, nikilia kwa namna ya mtu anayetaka aambiwe basi. Alingoja nikamaliza. "Najua," alisema. "Mimi majina ya vitu kwenye programu naandika herufi mbili, tatu. Wewe ndiye unayeandika majina marefu kama ya watoto wa ubatizo. Tarehe ya leo kwenye mashine. Tarehe ya kuwekwa programu. Niliyaona pale pale."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

"Usifikiri ni wema." Hapo ndipo alipoegemea jembe, na niliona kwamba amekonda na kwamba ana hasira kubwa kuliko niliyowahi kuiona kwa mtu, hasira isiyo na sauti kabisa. "Nilinyamaza kwa hasira. Nilisema ngoja nione huyu niliyemwekea jina lake chini ya langu atakaa kimya mpaka lini. Nikawa nahesabu. Umechukua siku kumi na tisa, Rehema. Yule mama mgonjwa wa Sista angeweza kufa katika siku hizo, na zile mashine bado zimefungwa. Umekuja kwangu kufanya nini? Mimi sina mashine."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Zahanati ni sita," alisema. "Miguu unayo."

Akarudi kupalilia. Mama yake alinipa maji ya kunywa, na nilipoaga aliitikia mama, yeye hakuitikia.

Nilitumia wikiendi za mwezi uliofuata kupanda. Sikuwa na pikapu wala dereva. Nilipishana na wanawake wanaoshuka na mizigo ya kabichi na karoti vichwani, wakinisalimia kwa furaha ambayo sikustahili. Kila zahanati niliketi, nikaiwasha mashine kwa flopi yangu, nikalitoa kufuli, nikarudisha majina mawili juu ya faili. Kila mahali nilisema kwa mdomo wangu mbele ya muuguzi: aliyefunga ni mimi, si Desderi. Wengine walisikia, wengine walikuwa wanashughulika na watoto wanaolia. Ndiyo maana maneno ya kinywa hayakutosha, ndiyo maana uongo ulioandikwa ukabaki na ukweli niliousema ukapotea, hata nikaja kuusikia uongo huo tena chini ya turubai. Sista Auleria alinisikiliza mpaka mwisho. Yule mama wa watoto wanne alikuwa ameanzishiwa dawa upya kutoka mwanzo, miezi yote, na baadaye alipona. Mashine yake, aliyorudi nayo mlimani ikiwa bado imefungwa, ilipowaka na kuandika "Imeitika", Sista aliipita kama vile haipo, akafungua daftari jipya lenye jalada gumu, akaanza kunakili humo majina yote yaliyokuwa kwenye kiwambo. "Nitaitumia," alisema. "Ila sitaiamini tena. Na wewe hali kadhalika." Hakunipa chai. Nilishuka mlima ule na njaa, na nilikuwa na hasira na Bwana Nestori, na wafadhili ambao hawakuuliza, na nchi nzima iliyokuwa imebandikwa orodha mlangoni. Nilipofika chini hasira yote ilikuwa imenirudia mimi. Nimeikuta hapo kila nilipoitafuta tangu siku ile.

Jumatatu iliyofuata, saa ya chakula, wenzangu wakiwa nje kwa Mama Zuhura, nilikaa mbele ya mashine pekee iliyounganishwa na simu. Kulikuwa na orodha ya barua pepe ya watu wa nchi mbalimbali wanaotunza vifaa vya moduli, walewale ambao Desderi alichukua vipande vyao. Alikuwa akiisoma kila wiki lakini hakuwahi kuandika neno, alisema Kiingereza chake kinamwaibisha. Cha kwangu hakikuwa bora. Nilituma Bisha yote, maandishi yake ya ndani bila kuficha mstari. Juu ya faili, mahali pa kueleza mabadiliko, niliandika kwa Kiswahili na chini yake kwa Kiingereza cha kuungaunga: Programu hii imebuniwa na kuandikwa na Desderi. Kufuli la tarehe liliwekwa na Rehema kwa amri ya mkurugenzi wake, Desderi akiwa amekataa. Lilizima mashine za zahanati sita, na mgonjwa aliumia. Rehema alisaini karatasi ya uongo kumsingizia Desderi. Kufuli limetolewa na aliyeliweka. Simu iliita Dar, ikalia mlio wake wa kukwaruza, ikatuma. Ilichukua muda wa kumaliza sahani moja ya wali.

Watu wawili waliitikia, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja alisifu ule ujanja wa kuandika jina kabla ya kubisha, akauliza kama anaweza kuutumia. Mwingine, nisiyejua ni nani mpaka leo, aliwapelekea wafadhili wetu nakala. Siku ya Ijumaa Bwana Nestori aliniita. Mkataba haukusainiwa. Karatasi ilikuwa mbele yake, ule ujumbe niliotuma, umechapwa, na kidole chake kilikuwa kwenye mstari wenye jina langu.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Imeandikwa juu ya faili, mkurugenzi. Yeyote anaruhusiwa."

"Umejichafua mwenyewe, unaelewa? Hata ukitafuta kazi kesho, hili litakuwepo. Hili watu wameshalihifadhi kwenye mashine zao huko duniani. Halifutiki!"

"Najua," nilimwambia. "Ndiyo maana nimeliandika huko."